Kulwa siyo Doto: kabla hujalipa ada ya wawili shule moja

Mwangaluka wazazi. Naona wengine mmetoka Igoma na Buswelu na jua lote hili, asanteni sana. Hili jambo nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena kwa sababu linaniuma.

Mnanifuata mnaniuliza, mwalimu, Montessori, ile ya mtoto kushika kifaa chake na kufanya kazi yake kwa utulivu, au ile shule ya miradi, ya watoto kutafuta wenyewe jibu la swali, ipi nzuri? Nauliza, nzuri kwa nani? "Kwa watoto." Watoto wepi sasa, una wawili na hujaniambia hata mmoja wao yukoje!

Dada yangu ana mapacha, Kulwa na Doto, sasa hivi wana miaka saba. Walipofika mitatu akawapeleka wote Montessori hapa hapa Mwanza mjini, basi moja, sare moja, na wa pili anapunguziwa ada. Kulwa akatulia siku ya kwanza tu. Kuna ule mnara wa pinki, vipande kumi vya mbao, mkubwa chini mdogo juu, Kulwa anaupanga anaubomoa anaupanga tena, asubuhi nzima, ukimwita hasikii. Na huyu ndiye nyumbani wakija wageni anajificha nyuma ya mlango, kelele zinamtoa machozi. Pale kapata mkeka wake na kazi yake na hakuna anayemharakisha. Maria Montessori, mwenye njia hii, ndo alichokiona hicho Roma mwaka 1907 alipofungua shule yake ya kwanza, aliyoiita nyumba ya watoto, San Lorenzo, mtaa wa maskini, alikuwa daktari yule mama, akakaa akawaangalia watoto kwanza.

Doto sasa. Doto vile vipande kavifanya mtumbwi. Mwalimu akamwambia taratibu, hii kazi yake siyo hiyo, akamwonyesha upya. Kesho yake mtumbwi tena, safari hii na abiria. Mwalimu hakukosea, vifaa vile kila kimoja kina kazi yake na chenyewe kinamwonyesha mtoto alipokosea. Ila Doto lazima aongee na mtu, lazima ajue hiki kitu kinatumika wapi. Kufika miaka sita kila asubuhi tumbo linauma, Jumamosi haliumi.

Likizo akaenda kwa bibi yake Ukerewe. Bibi anaanika dagaa. Doto akauliza, bibi mbona asubuhi ndoo ilijaa af jioni haijai? Bibi ana kazi zake, akampa mizani. Yule mtoto akapima dagaa wabichi kilo nne, akawaanika kwenye kipande chake cha wavu, siku nzima anafukuza kuku, jioni akapima, kesho yake akapima tena, ikabaki kilo moja na kidogo. Kila namba kaiandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, nne kaigeuza kichwa chini lakini ipo. Karudi Mwanza, tukipita soko la Mwaloni pale Kirumba anawauliza wamama wauza dagaa maji yameenda wapi na kwanini kilo ya wakavu bei iko juu. Mtoto tuliyeambiwa hatulii! Huo ndo mradi jamani, swali la kweli, siku kadhaa, watu wa kuwauliza, na jibu ambalo mtoto kalipata kwa mikono yake.

Dada akamhamisha Doto kwenye shule ya miradi, Kulwa akabaki Montessori. Maneno aliyoambiwa! Unawatenga mapacha, unampenda mmoja. Viatu tu huwanunulii namba moja, shule ndo iwe moja?

Kuna baba hapa anasema moyoni, miradi tunaijua, tumelima sana shuleni. Ni kweli. Kwenye ile sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe wapange la shamba lao, wafikiri, shule nyingi zikabaki na jembe tu. Kulima bila kuuliza ni kibarua. Na ile manila anayochora mama saa nne usiku mtoto amelala, ule ni mradi wa mama.

Na jina Montessori halina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuliandika getini. Ukiingia ukakuta watoto arobaini wa umri mmoja wanaitikia a e i o u, geti limekudanganya. Wa miaka mitatu mpaka sita wanatakiwa wawe chumba kimoja, mdogo anamwangalia mkubwa.

Upimaji wa darasa la nne uko pale pale kote kuwili, kwahiyo muulize mwalimu mkuu anawaandaaje, asikuzungushe. Mtoto anayechelewa kuongea au unahisi hasikii vizuri, muone daktari kwanza kabla hujahangaika kuhamisha shule. Ada leo siigusi, muda umeenda.

Ila hili nalitaka kutoka kwenu. Jumatatu nenda, omba kukaa nyuma darasani kuanzia saa mbili mpaka saa tano, maana Montessori ya kweli inawapa watoto masaa kama matatu ya kazi bila kukatizwa na kengele. Kule kwa miradi omba wakuonyeshe mradi ulioharibika na watoto walifanya nini baada ya hapo. Wakikukatalia hata kukaa nyuma, mshike mtoto mkono muondoke. Na usiende na wote wawili siku moja, utamwangalia anayepiga kelele, yule mkimya hutomuona.

Haya, mama wa kitenge cha kijani, uliza.