Kichochoro Kinachojibu

Habari za jioni. Tuanzie Sydney, kwenye kichochoro cha Angel Place. Juu ya vichwa vya wapita njia yamening'inia matundu matupu ya ndege, zaidi ya mia, na spika zinatoa sauti za ndege walioishi pale kabla mji haujawafukuza. Ni kazi ya Michael Thomas Hill, Forgotten Songs: iliwekwa kwa muda 2009, ikarudi 2011 ikabaki. Jua likizama, ndege wa mchana wananyamaza na wa usiku wanapokea. Inapendeza, lakini haina habari na wewe. Upite usipite, inaimba.

Leo tunataka kazi ya sanaa ya kichochoroni inayomjibu mtu: apite, taa ziwake na muziki upige. Kihisi cha bei rahisi ni PIR, kinachonasa joto la mwili linaposogea, hadi kama mita 7. Kosa linalojirudia ni kukifunga mwisho wa kichochoro kiwatazame watu wakija. Ndani kina macho mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, nacho hushtuka joto linapohama kutoka jicho moja kwenda la pili. Anayekuja mkabala huyajaza yote mawili kwa pamoja, hivyo anaweza kufika karibu kabisa ndipo kishtuke. Kifunge kwenye ukuta wa pembeni, mtu akikatize mbele yake. Sehemu ya lenzi inayotazama feni ya nje ya kiyoyozi izibe kwa utepe mweusi, la sivyo muziki utapiga usiku kucha bila msikilizaji. Ukiwasha umeme, kipe dakika moja kitulie. Na mchana wa Dar au Mombasa, hewa ikikaribia nyuzi 37, macho yake yanafifia. Kazi ya kutegemea kihisi hiki ipangieni jioni.

Taa sasa. Utepe wa LED wa volti 5, mita 5, taa 60 kila mita, ni taa 300. Kila taa ikiwaka nyeupe kamili hula miliampea 60. Jumla ampea 18. Ukilisha ncha moja tu, ncha ya mbali inageuka njano, hata nyekundu, maana volti zinapungua njiani na, kati ya rangi tatu zilizo ndani ya kila taa, nyekundu, kijani na bluu, bluu ndiyo inayozima mwanzo. Lisha ncha zote mbili, kisha punguza mwanga kwenye programu inayoziendesha taa.

Spika moja kubwa kati ya kuta mbili za zege ni makelele matupu. Weka ndogo nne, sauti chini, majirani wanalala. Waya uingie kwenye kasha la vifaa vya umeme kutokea chini, tena ulegee kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye kipinde. Na kabla ya kutoboa ukuta, ngojeni gari la taka lije, mpime kimo chake lisije likagonga vifaa.

Vancouver, 2016, walipaka kichochoro kimoja rangi ya waridi na manjano, wakafunga magoli ya kikapu, wakakiita Alley Oop. Kucheza pale hakuhitaji kihisi wala waya. Mwenye bajeti ndogo aanzie huko. Haya, kasha liko hapa mezani, sogeeni tulifungue.