Jinsi ya Kusafisha na Kuhifadhi Gari la Rimoti Lililotoka Vumbini

Karibuni watazamaji wapenzi. Gari mnaloliona mezani ni la umeme, la kipimo cha moja kwa kumi, yaani urefu wake ni kama sehemu moja ya kumi ya gari halisi, nalo limetoka kukimbia uwanja wa udongo hapa Nakuru muda si mrefu. Leo tutalisafisha na kuliweka akiba, kwa maana magari mengi yanayoletwa dukani kwetu hayakuharibikia uwanjani, yaliharibikia kabatini.

Zima gari kwanza, ndipo uzime rimoti. Ukitanguliza rimoti, yako magari yatakayochomoka yenyewe yakagonge ukuta. Kisha chomoa betri. Narudia, na nitarudia tena: chomoa betri, usiishie kuzima swichi. Kifaa kinachoongoza mwendo wa mota mara nyingi huendelea kunyonya umeme kidogo hata swichi ikiwa imezimwa, na betri ya lipo, yaani ya lithiamu polima, ikiachwa hivyo kwa wiki kadhaa hushuka chini ya volti 3.0 kwa kila seli, kiwango ambacho huiharibu kabisa. Unapochomoa, shika plagi yenyewe, usivute nyaya.

Ondoa pini, vua bodi, iweke kando.

Vumbi la huku kwetu ni laini mno, kwa kuwa udongo wetu una majivu ya volkeno, kwa hiyo hupenya mahali ambapo mchanga wa kawaida haufiki. Tumia brashi ya rangi yenye nywele laini, uanzie juu ukishuka, na kwenye pembe zilizobana tumia mswaki mkuukuu. Tope liache likauke kabla ya kulipangusa. Usilioshe gari kwa maji ya mfereji, hata kama muuzaji alikuambia halidhuriki na maji, kwa sababu maji yakishaingia ndani ya beringi hayatoki upesi. Ninyi mlioko Kisumu mna shida zaidi ya kutu, kutokana na unyevu wa ziwa. Pakeni skrubu na ekseli mafuta mepesi kwa kitambaa, kidogo sana, maana mafuta yakizidi hukusanya vumbi.

Hebu tusogeze kamera hapa karibu, nyuma ya gurudumu la kushoto. Mnaona ule mstari mweupe kwenye ekseli? Huo ni uzi wa gunia. Umejizungusha hadi ukabana ukingo wa beringi, na joto limeanza kuuyeyusha. Tunasitisha kila kitu kwanza. Fungua nati, toa gurudumu, tafuta ncha ya uzi kwa kibano, kisha uufungue polepole kinyume na ulivyojizungusha. Usitumie wembe hapa, kwa sababu kifuniko cha beringi ni chembamba na kikikatwa, vumbi litaingia. Sasa zungusha beringi kwa kidole: hii inazunguka kimya, basi tutaiacha. Ingekwaruza, tungeibadilisha. Wala usiipulizie dawa ya kulegeza kutu, kwani huosha grisi iliyomo ndani.

Gia nazo zina kipimo chepesi ninachokipenda kuliko vyote. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, uuweke kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, sukuma mota mpaka meno yashikane, kaza skrubu, halafu zungusha gia ili karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kupasuka, nafasi ni sawa. Skrubu inayoingia kwenye chuma itie tone la gundi ya skrubu, ile inayoizuia isilegee. Inayoingia kwenye plastiki usiitie, kwa sababu gundi hiyo huweza kuidhoofisha plastiki.

Sasa tuje kwenye betri, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Betri ya lipo haihifadhiwi ikiwa imejaa wala ikiwa imeisha. Ikijaa, kila seli huwa na volti 4.20, na ikikaa hivyo kwa muda mrefu hupungua nguvu na inaweza kuvimba. Iunganishe kwenye chaja inayosawazisha seli, chagua hali ya kuhifadhi, na uiache ifike kati ya volti 3.80 na 3.85 kwa kila seli, yaani 7.60 hadi 7.70 kwa betri ya seli mbili. Uwepo hapo mpaka imalize. Ukiona betri imevimba, usiichaji, usiitoboe, usiitupe jalalani. Itoe nyumbani, uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Iliyo nzima itie katika mfuko usioshika moto, uiweke mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na darini chini ya mabati yanayochemka mchana.

Weka kibao chini ya chesisi ili magurudumu yaning'inie, maana gari likilala kwa tairi zake miezi mingi, tairi hupata ubapa na springi huchoka. Lifunike kwa kitambaa cha pamba. Toa na betri za rimoti pia, kwa sababu huvuja na kuozesha vishikizo vyake.

Siku utakapolirudia, jaza betri siku hiyo hiyo, washa rimoti kwanza, kisha gari. Likiwa bado juu ya kibao, geuza usukani kushoto na kulia, ongeza mwendo kidogo, usikilize gia, ndipo uliteremshe chini.