Mlango Uliofungwa kwenye Mengineyo

ZUHURA: Shikamoo, Mwalimu Kheri.

KHERI: Marahaba, binti yangu. Wasikilizaji, hamjambo? Leo tulipanga kutoa mafunzo matatu kuhusu vikao vya faragha vya halmashauri: namna ya kusoma ajenda, namna ya kuomba muhtasari wa kikao, na mahali pa kupeleka malalamiko. Lakini namwona Zuhura ameingia na jambo lake.

ZUHURA: Nimeingia nalo, na ni la wiki hii hii. Jumanne nilihudhuria kikao cha baraza la madiwani kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mkataba wa kuzoa taka ungejadiliwa, ingawa ajenda iliyobandikwa haikuutaja. Wakathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, wakapitia yatokanayo, wakapokea taarifa za kamati, na mkataba haukuguswa. Walipofika kwenye Mengineyo, kile kipengele cha mwisho cha ajenda, mwenyekiti akasema kwamba liko jambo nyeti, akawaomba wageni wawapishe. Hakueleza ni jambo la aina gani, hakuna diwani aliyetoa hoja, wala hakuna kura iliyopigwa. Sisi wananchi watano na mwandishi mmoja wa habari tukakaa nje kwa saa mbili na robo, tukizisikia sauti zikipanda na kushuka bila kuambulia neno. Mlango ulipofunguliwa tukaambiwa kwamba kikao kimeahirishwa.

KHERI: Kwenye Mengineyo?

ZUHURA: Kwenye Mengineyo, Mwalimu.

KHERI: Basi kosa lilitangulia faragha yenyewe. Wasikilizaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba niliandika mihutasari ya madiwani kwa miaka 11, na katika miaka hiyo Mengineyo ilikuwa mahali pa salamu za rambirambi na tarehe ya kikao kijacho. Kule California, Marekani, Sheria ya Brown kuhusu vikao vya wazi vya serikali za mitaa, ambayo asili yake ni mwaka 1953, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na hata jambo la faragha liandikwe humo kwa maelezo mafupi. Jambo ambalo halimo halijadiliwi, isipokuwa kwa dharura na sababu nyingine chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Mwananchi anayefungiwa nje anajua angalau amefungiwa kwa habari gani.

ZUHURA: Mimi sikujua, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mlango wenyewe. Usiku ule nilizitoa ajenda zote nilizowahi kupewa, nikazipanga sakafuni. Kila moja inamalizika kwa neno lile lile moja, bila sentensi ya maelezo. Nikajiuliza ni maamuzi mangapi yamepitia hapo.

KHERI: Nikueleze jambo linavyoingia humo, kwa sababu nimeliandika kwa mkono wangu. Makabrasha hutumwa kwa madiwani siku kadhaa kabla ya kikao. Idara moja inachelewesha taarifa yake, mkuu wa idara anamwomba karani nafasi, na karani, ambaye ajenda yake imekwisha kubandikwa, anamwambia ataipenyeza kwenye Mengineyo. Mara ya kwanza ni uchelewaji wa kweli. Mara ya tatu idara imekwisha kujifunza kwamba taarifa inayochelewa haisomwi na mtu yeyote kabla ya kikao.

ZUHURA: Kwa hiyo hujifunza kuchelewa.

KHERI: Baadhi yao, ndiyo. Na si ujanja mpya. Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwaruhusu waandishi kuingia vikaoni tangu mwaka 1908, lakini baadhi ya halmashauri zilikuwa zikiligeuza baraza zima kuwa kamati, watu wale wale kwenye viti vile vile, ili waandishi watolewe nje. Sheria ya mwaka 1960, iliyotokana na muswada binafsi wa mbunge mpya aliyeitwa Margaret Thatcher, ililenga ujanja huo miongoni mwa mambo mengine: kamati yenye wajumbe wote wa baraza ikahesabiwa kama baraza. Ninavyoona mimi, neno kamati lilikuwa Mengineyo ya zama zile.

ZUHURA: Naomba tubaki hapo hapo, mafunzo yetu yatasubiri. Huko Uingereza, chombo cha utendaji cha halmashauri kinachotaka kukutana faraghani kinapaswa, kwa kanuni za mwaka 2012, kutoa notisi siku 28 kabla pamoja na sababu zake. Kisha kinatoa notisi ya pili siku tano kabla, ikionyesha pingamizi zilizopokelewa na majibu yake. Yaani mwananchi anaweza kubishana na mlango kabla haujafungwa. Weka hilo kando ya Mengineyo yetu ya Jumanne, iliyochukua muda wa kusimama na kubeba mkoba.

KHERI: Notisi ya siku 28 haiwezekani kila mahali, na hata huko dharura imeachiwa njia. Lakini hatua ya kutamka sababu mbele ya watu haigharimu kitu. Huko Ontario, nchini Kanada, baraza hupitisha kwanza azimio la wazi linalotaja kwa ujumla jambo litakalozungumzwa, na ndani ya faragha kura hairuhusiwi isipokuwa ya utaratibu au ya kuwapa maelekezo watumishi. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 160, inaruhusu baraza la manispaa kufunga mlango pale tu inapokuwa busara kwa kuzingatia aina ya shughuli. Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya inalitaka bunge la kaunti likutane hadharani, na Spika asiwatoe wananchi ila katika hali ya kipekee yenye sababu za haki. Kote huko, sababu lazima iwepo kabla ya mlango kufungwa.

ZUHURA: Na baada ya kufungwa? Mimi nasema kila kikao cha faragha kirekodiwe sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na rekodi ikae chini ya ufunguo. Sheria ya jimbo la Illinois, Marekani, imeyataka mabaraza yafanye hivyo tangu mwaka 2004: rekodi huhifadhiwa kwa angalau miezi 18, na hakimu anaweza kuisikiliza peke yake kuona kama waliondoka kwenye jambo walilolitaja.

KHERI: Hapo tunaachana, Zuhura.

ZUHURA: Nilijua tutaachana.

KHERI: Niliwahi kuandika muhtasari wa kikao cha nidhamu cha mtumishi aliyetuhumiwa wizi. Yalisemwa mambo ya ndoa yake, madeni yake na ugonjwa wake. Miezi minne baadaye ikabainika kwamba hakuiba kitu. Muhtasari wangu ulibeba uamuzi na sababu zake, basi. Kama sauti zile zingekuwa zimehifadhiwa, ingetosha mtu mmoja mwenye ufunguo na chuki.

ZUHURA: Na kama mwenyekiti angetumia nusu saa ya kikao hicho kugawana zabuni, muhtasari wako ungeonyesha?

KHERI: Ungeonyesha, kwa sababu ningeuandika.

ZUHURA: Wewe ungeuandika. Mimi siwezi kujenga ulinzi wa wananchi juu ya matumaini kwamba kila karani ni Mwalimu Kheri. Katika jimbo la Florida, huko huko Marekani, baraza linaposhauriana faraghani na wakili wake kuhusu kesi, mwandishi wa mahakama huandika kila neno, na kesi ikimalizika maandishi yanakuwa mali ya umma.

KHERI: Hiyo ni kesi, na ina mwisho wake. Aibu ya mtumishi haina tarehe ya kumalizika. Tena, mwanasheria akijua anarekodiwa, ushauri wa kweli atautoa nje kwenye maegesho ya magari, ambako hakuna hata karani.

ZUHURA: Atakuwa amevunja sheria, na wenzake watajua. Leo wakifanya lolote ndani hakuna anayejua.

KHERI: Sijashawishika.

ZUHURA: Wala mimi. Naheshimu kilichompata yule mtumishi, Mwalimu, lakini nimekaa nje ya mlango ule na sitaacha kudai rekodi.

KHERI: Nami sitaacha kuipinga. Naona mtayarishaji wetu ananyoosha vidole viwili. Mafunzo yetu matatu hatukuyagusa.

ZUHURA: Hatutayawahi kwa dakika mbili. Wasikilizaji mtusamehe. Kesho asubuhi napeleka barua ya kuomba nakala ya azimio lililofunga kikao, na sehemu ya muhtasari inayotaja sababu.

KHERI: Umeiandika kwa nani?

ZUHURA: Kwa karani wa baraza.

KHERI: Weka nakala kwa mwenyekiti, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujaondoka mapokezi.