Gari Linalala Wapi?

Asanteni. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Naona wamekuja mafundi na wamekuja wenye magari, na leo nitawasema wote, maana ugonjwa huu wa maji kuingia ndani ya gari mnaulea pamoja.

Kila ninapokataza watu kukimbilia silikoni, ile gundi ya kuzibia, hakosekani mmoja wa kunijibu, "Mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta." Sawa, methali ni yetu sote. Lakini isikilizeni tena: imesema ufa. Ufa una mahali pake, unauona, unauwekea kidole. Fundi anayeletewa gari lenye maji sakafuni akaminya silikoni kabla hajajua maji yameingilia wapi, huyo hajaziba ufa, amepaka ukuta. Masika ikirudi na gari linarudi, safari hii likiwa na silikoni iliyokauka kwenye kila kiungo, na mimi namaliza nusu siku naikwangua kabla sijaanza kazi yenyewe.

Wengi wenu mmeshanisikia nikisimulia Corolla ya mwalimu. Nitaisimulia tena, kwa sababu bado mnapaka.

Ilikuwa Corolla 110 ya mwaka 1998, ya mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, anakaa Kimara, hapahapa Dar. Maji yalikuwa mbele kushoto, miguuni pa abiria. Ukikanyaga kapeti, maji yanapanda juu ya kiatu. Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kapaka silikoni kioo cha mbele, kakizungushia chote. Wa pili kabadilisha raba ya mlango. Wa tatu kasema, "Mama, hii ni AC," kazibua mpira wa kutolea maji, kamruhusu aende. Mvua iliyofuata, kisima kilekile.

Likaja kwangu. Nikafanya yote ninayowafundisha. Nikang'oa kapeti, nikaanika, nikafuta bati mpaka likakauka. Kijana akaingia ndani na tochi, mimi nje na mpira wa maji. Mpira usio na presha, jamani! Mvua haishuki kwa presha ya kuoshea magari. Ukipiga maji kwa nguvu utayaingiza hata pale ambapo hayaingiagi, halafu utatibu ugonjwa ambao gari halina. Unayaachia yatiririke, na unaanzia chini. Ukianzia paani, maji yatateremka yapite kila mahali, na yakitokeza ndani hutajua yameingilia wapi. Kwa hiyo nikaanza kwenye kizingiti cha mlango, dakika tano. Pakavu. Nikapanda chini ya dirisha, dakika tano. Pakavu. Kwenye shina la waipa, pakavu. Pembeni mwa kioo, juu ya kioo, paani, kote pakavu. Nusu saa nzima ya maji na kijana ndani anasinzia.

Hapo ndipo mafundi wengi husema gari limepona na kumpa mtu ufunguo. Gari halijitibu. Kama mvua inaingia na maji yangu hayaingii, basi kuna kitu mvua inakipata nyumbani kwa mwalimu ambacho mimi sikukileta gereji. Nikampigia simu. "Shikamoo mwalimu. Gari linalala wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Limesimamaje hapo nyumbani?"

Akanieleza. Kiwanja chake kiko kwenye mteremko, wanaoijua Kimara wanajua. Gari hulaza kando ya ukuta, limeukata mteremko, matairi ya kushoto chini kuliko ya kulia, na juu yake kuna mwarobaini mkubwa. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, neno lililonikalisha chini: kanisani limenyeshewa asubuhi nzima zaidi ya mara moja, na halikuingia hata tone. Kanisani uwanja ni tambarare. Alilijua hilo miezi yote ile. Mafundi watatu walilishika gari lake na hakuna aliyemuuliza.

Nikachukua jeki, nikanyanyua upande wa kulia karibu shubiri moja na nusu, nikaweka magogo, nikarudisha mpira kwenye shina la waipa, palepale palipokuwa pakavu. Hazikupita dakika mbili, kijana akapiga kelele. Maji yanamwagika kutoka kwenye nyumba ya feni ya hewa, nyuma ya dashibodi upande wa abiria.

Sasa tazameni ubao. Chini ya kioo cha mbele, mkifungua ile kava ya plastiki ya waipa, kuna mfereji wa bati unaokatiza gari kutoka kulia kwenda kushoto. Maji yote ya kioo yanaangukia humo, na yanatoka kwa njia mbili, moja kila ncha, yanashukia nyuma ya tairi la mbele. Ndani ya mfereji huohuo, upande wa abiria, kuna tundu kubwa ambalo feni hunyonyea hewa ya nje. Tundu lile limewekewa ukingo ili maji yasilifikie. Mwarobaini una vijani vyembamba, vinapenya kwenye matundu ya kava, vinaoza, vinachanganyika na vumbi, vinakuwa udongo. Udongo huo ulikuwa umeziba njia ya kushoto kabisa. Gari likiwa tambarare, maji yanajiendea yakatokea kulia, hakuna anayejua. Likiinamia kushoto, yanakusanyika kushoto, hayana pa kutokea, yanapanda, yanavuka ukingo, yanaangukia kwenye feni. Maji hufuata mkondo. Nilitoa viganja vitatu vya udongo mweusi. Silikoni haikutumika hata tone.

Najua mnachotaka kusema. "Mzee, mteja hana muda wa kusubiri umwagilie gari nusu saa." Mteja huyo alikuwa ameshapoteza siku tatu kwa mafundi watatu, na raba mpya ya mlango asiyoihitaji. Muda gani huo alioupata? Na mwingine anasema gari la zaidi ya miaka 20 kuvuja ni uzee. Uzee hautoboi bati. Kinachovuja kina tundu, na tundu lina mahali. Nikisikia "uzee" najua fundi amechoka kutafuta.

Yule wa tatu, wa AC, simlaumu sana. Alikuwa anapajua pa kutazama, kwa sababu maji ya AC nayo hutokezea palepale, miguuni pa abiria. Ndiyo maana swali la pili baada ya "linalala wapi" ni "linalowa lini." Linalowa bila mvua, siku ya jua kali, baada ya foleni ndefu na AC imewashwa? Basi usishike kioo. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, AC inakamua maji yale, na yanatakiwa kudondoka chini ya gari. Wenye magari, hili mnaliweza wenyewe: ukisimama na AC imefanya kazi saa nzima, inama utazame chini. Pakiwa pakavu, jiulize maji yamekwenda wapi. Mara nyingi mpira wa kuyatoa umejaa ute na vumbi, unauzibua kwa upepo kidogo, kazi imekwisha.

Na kuna maji ya tatu, ya rejeta. Dashibodini kuna rejeta ndogo ya kupashia joto, na katika gari la umri huu ikioza humwaga palepale. Mtafundishwa muangalie rangi, mnuse kama kuna harufu ya utamu. Ni kweli, kama mna kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Lakini magari mangapi mjini hapa yanaendeshwa na maji ya bomba kwenye rejeta? Maji ya bomba hayana rangi wala harufu, utayachukulia kuwa ya mvua. Kwa hiyo tazameni kopo la akiba la maji ya rejeta. Linapungua bila sababu? Kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri? Maji ya sakafuni ni ya uvuguvugu injini ikiwa ya moto? Hapo jibu mnalo. Na nawaomba, asionje mtu. Nimeona kijana anachovya kidole na kulamba. Kulanti ni sumu.

Naonyeshwa saa. Nakwenda haraka.

Milango. Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanapita pembeni mwa kioo, yanashuka, yanatoka kwa matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenye kapeti. Fundi redio anakuja kufunga spika, anaichana, anaona takataka, anaitupa. Mafundi wa redio mliomo humu, ninyi mnanipa wateja kuliko masika. Rudisheni nailoni. Na yale matundu ya chini yazibueni kwa kijiti, msiyazibe; nimeshakuta yamepigwa silikoni, mlango umejaa maji, ukiendesha unayasikia yanasukasuka.

Kioo kilichowahi kubadilishwa: kikipachikwa juu ya kutu, gundi haishiki, lazima kitolewe. Dirisha la paani lina mipira minne ya kutolea maji, ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo. Ikiziba, maji hutokea miguuni na watu wanaulaumu mlango. Buti likilowa, anzeni na raba za taa za nyuma. Raba ya buti ipakeni poda ya mtoto kabla ya kumwaga maji, mtaona maji yalikopita.

La mwisho, na hili sikubali kuliruka. Mkishapata tundu, kapeti lazima liinuliwe. Chini yake kuna sponji nene, juu pakikauka yenyewe bado imeshika maji wiki nyingi. Bati linaliwa na kutu kimyakimya, soketi za waya zinaota ukijani, na katika magari mengi ya Kijapani ya umri huu kontroli boksi, kompyuta ya injini, iko nyuma ya dashibodi upande huohuo wa abiria. Mwalimu alikuwa amezoea ile harufu ya uvundo, anawabebea humo wajukuu.

Maswali tutaulizana nje. Kuna gari nimelisimamisha pale chini ya mti, limeinamia kushoto makusudi. Wewe kijana wa shati la bluu, chukua tochi uingie ndani. Mama, shika mpira. Tunaanzia chini.