Fungeni Madaftari, Leteni X

Walimu wenzangu wa nasari, naona mmekuja na madaftari ya watoto. Yafungeni. Daftari lililojaa "a" zilizopita juu ya nukta za mwalimu linathibitisha kwamba mtoto anaweza kupita juu ya nukta, basi.

Utaratibu wa kupima kama mtoto yuko tayari kuandika herufi mnaujua, nitaurudia hata hivyo. Mtoto mmoja mmoja. Karatasi isiyo na mistari, penseli, raba iondoke mezani. Miguu ikanyage sakafu. Ikining'inia, wekeni tofali, kwa sababu mtoto anayeshikilia benchi asianguke hana mkono wa kuandikia. Mwonyesheni kadi yenye umbo lililokwisha kuchorwa: "Chora kama hili." Msilitaje jina, na msichore mbele yake! Akikuona ukichora ataiga mwendo wa mkono wako, na kuiga huja mapema kuliko kunakili. Hapo ndipo mnapowapitisha wasiofika.

Mpangilio ni ule wa kipimo cha Beery, cha kunakili maumbo, kilichotoka Marekani 1967: mstari wima, mstari wa kulala, duara, msalaba, mshazari (mstari wa kuinama) wa upande mmoja, mraba, mshazari wa upande wa pili, X, pembetatu. Maumbo tisa. Duara huja karibu na miaka 3, msalaba 4, X inakaribia 5, pembetatu baada ya hapo kidogo.

Sasa X, na hapa nitakaa. Msingoje imalizike ndipo mtazame, tazameni inavyochorwa. Ni mistari miwili inayokatana, au vijistari vinne vilivyokutanishwa katikati? Wa vijistari vinne, na wengine hubadilisha mkono kabisa wakifika katikati, huenda mkono wake bado unasita kuvuka upande wa pili wa mwili. Huyo atakwama kwenye k, v, w, x na z, na wala si mvivu. Chukueni majina Opio na Wasswa. Wote ni majina ya pacha wa kwanza hapa Uganda, moja la Lango, jingine la Buganda. Opio ni duara na mistari wima. Wasswa, maskini, anaanza na mishazari minne mfululizo, kisha s mbili, kisha w tena. Halafu ripoti inaandikwa kwamba Opio ana akili zaidi!

Mtaniambia: P.1, darasa la kwanza la msingi, wana usaili, asiyeandika jina atakataliwa, na mzazi amelipa ada. Najua. Lakini ukimsukuma kuandika herufi kabla hajaweza X atajitungia njia yake ya kuichora w, kuanzia chini, kwa vipande, na njia hiyo ikishazoeleka kuing'oa ni kazi ngumu kuliko kungoja. Wiki za kungoja zitumieni kwa X kubwa ubaoni, afute kwa kitambaa kibichi kwa mkono mmoja, kona hadi kona, bila kusogeza miguu. Chaki ivunjwe vipande vya sentimita 2 au 3: ngumi haipati pa kushika, vidole vinalazimika.

Mshiko wa penseli, kwa kifupi, muda unakwisha. Vidole vitatu au vinne, mwacheni. Ngumi akiwa na miaka 5, hiyo ifuatilieni.

Wa mkono wa kushoto: karatasi iwe kushoto kwa kifua chake, kona ya juu ya kushoto ipandishwe, naye akae mwisho wa benchi upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani.