Baba ananiuliza Raleigh yake ni dola ngapi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Leo niko nje, mtanisamehe kwa huu upepo. Hapa ni Moline, jimbo la Illinois, na yale maji mnayoyaona nyuma yangu ndiyo mto Mississippi. Ng'ambo kule ni Iowa. Nimetoka zamu ya usiku kiwandani, macho mazito, lakini hii video nisipoirekodi leo baba hatanipa amani.

Maana yeye ndiye aliyeisababisha. Wanaonifuatilia siku nyingi wanajua mzee wangu ni fundi baiskeli Tabora. Wiki iliyopita kijana mmoja pale kijiweni kwake kamwonyesha kwenye simu kipande cha kipindi cha Kimarekani. Jamaa wawili wanaingia kwenye ghala la mzee wa shamba, wanafukua matakataka, wanaibuka na baiskeli imeliwa na kutu, wanampa dola mia kadhaa, wanapeana mkono. Halafu kwenye skrini inatokea hesabu: imenunuliwa kwa kiasi hiki, thamani yake kiasi kile. Baba kanitumia ujumbe wa sauti, hata salamu hakumaliza. "Sasa mwanangu, hii Raleigh ya babu yako, huko kwenu ni dola ngapi?"

Huko kwenu! Nimeshakuwa mtu wa huku.

Sasa sikilizeni. Kipindi hicho nakifahamu, na duka lake halifiki hata nusu saa kwa gari kutoka hapa nilipokaa. Kinaitwa American Pickers, kilianza Januari 2010 kwenye chaneli ya History. Wale wawili wa mwanzo ni Mike Wolfe na Frank Fritz, huyu Fritz alishatangulia mbele ya haki Septemba 2024. Duka liko LeClaire, Iowa, kamji kadogo hapa hapa kandokando ya mto. Na Mike Wolfe ni mtu wa baiskeli hasa, tusimwonee. Tangu utotoni alikuwa anaokota baiskeli zilizotupwa, ukubwani akashindana mbio za baiskeli na akawa na duka la baiskeli kabla televisheni haijamjua. Kwa hiyo akishika fremu ya zamani na kushangilia, hashangilii kwa ajili ya kamera tu. Mtu wa baiskeli utamjua kwa jinsi anavyoishika. Baba naye yuko hivyo hivyo, kwanza anaipindua anaangalia chini.

Nilikwenda pale LeClaire mwaka nilipofika huku. Watu walikuwa wamejaa, mabasi, familia nzima zimetoka mbali. Nikakaa pembeni nikaangalia wananunua nini. Fulana. Kofia. Vikombe. Baiskeli zinapigwa picha, mkono unaondoka na fulana. Nilicheka peke yangu, ila baadaye nilikuja kuona kuwa jibu lote la swali la baba lilikuwa pale.

Tuchukue ile hesabu ya kwenye skrini. Ile thamani ni bei ambayo mtu wa duka, mwenye jina, mwenye wateja wanaotoka majimbo mengine, anategemea kuuzia siku akimpata mnunuzi. Haikutoa mafuta ya gari. Haikutoa siku tatu za kutembea, kodi ya duka, mshahara wa kijana anayepangusa vumbi. Haikutoa miezi ambayo kitu kimekaa ukutani kinaangaliwa tu. Yule mzee wa shamba anayeangalia kipindi usiku haoni hayo yote. Anaona namba. Asubuhi anakwenda ghalani kwake na namba ile ile kichwani.

Mzee wa namna hiyo nilikutana naye. Simtaji, ni mtu wa watu. Ilikuwa upande wa Iowa, mashamba ya mahindi mpaka jicho linachoka. Kaweka kibao barabarani kwamba anauza baiskeli ya zamani. Nikasimama. Akanitolea Schwinn, chapa ya baiskeli za Kimarekani, ile ya watoto yenye usukani mrefu kama pembe za ng'ombe wa Ankole na tandiko refu kama ndizi. Wao wanaiita Sting-Ray, ilianza kutoka mwaka 1963. Rangi ya shaba, imechoka kwa heshima, yaani hakuna aliyeipaka rangi upya. Roho yangu ikadunda. Nikamuuliza, mzee, unataka shilingi ngapi? Akaniambia dola 1,800.

Nikamuuliza kwa adabu, hiyo bei umeipata wapi. Akasema, "Niliona kwenye televisheni, ni hii hii."

Haikuwa hii hii. Aliyoiona ilikuwa Orange Krate, na wanaojua wanajua. Krate ni ndugu wa Sting-Ray lakini ni ndugu aliyesomeshwa nje. Gurudumu la mbele ni dogo, inchi 16, la nyuma inchi 20. Uma wa mbele una springi. Mbele kuna breki ya ngoma, na gia tano zina kishikio kirefu kinachokaa juu ya bomba la fremu kama gia ya gari, katikati ya miguu ya mtoto! Schwinn walizitengeneza kuanzia 1968 mpaka 1973, na iliyo kamili, isiyochezewa, inavuka dola elfu moja bila shida. Ya mzee magurudumu yote ni inchi 20, uma wa kawaida, breki ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume.

Lakini sikutaka kubishana na mtu nyumbani kwake kwa maneno matupu. Nikapiga goti, nikatoa kitambaa, nikafuta pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu, upande wa kushoto. Schwinn za miaka ile, kabla ya 1970, namba yake imegongwa hapo. Nikasugua na mate, ndiyo, mate, baba ndiye aliyenifundisha. Herufi zikajitokeza: E, halafu C. Herufi ya kwanza ni mwezi, E ni Mei. Ya pili ni mwaka, na walianza A kwa 1965. Kwa hiyo C ni 1967. Nikamwambia mzee, hii fremu imezaliwa Mei 1967, Krate ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Akainama akaangalia. Akaenda ndani akarudi na miwani, akaangalia tena. Akasema, "Basi 1,700."

Nilimpa ofa ya 220. Hakukasirika, alinipa na maji ya kunywa. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Juzi nimepita, baiskeli ipo barazani pale pale, kibao kimeanza kupauka. Na msidhani ni mtu mchoyo. Kama si televisheni, ile baiskeli angempa mjukuu, au angeiuza kwa dola 100 nikaondoka nayo nikichekelea, na hapo mwizi angekuwa nani? Ni mimi. Kwa hilo kipindi kimemfungua macho mwenye mali, na walanguzi wa huku waliozoea kuokota vitu kwa bei ya kutupa wanakilaani mpaka leo. Mimi siwaonei huruma. Tatizo ni kwamba kipindi kimemfundisha muuzaji kutaja bei, na mnunuzi hakikumleta.

Wanunuzi wenyewe wako wapi? Wanakwenda kwenye magulio. Huku kuna magulio ya baiskeli tupu, kama lile lenye jina la Ann Arbor, kule Michigan, la mwezi wa nne. Uwanja mzima ni baiskeli na vipuri, watu wametandika maturubai chini kama mnada wa kwetu wa mitumba. Nimekwenda mara mbili. Pale bei ni nyingine kabisa, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wanajua, na jioni hakuna anayetaka kupakia chuma tena kwenye gari kurudi nacho nyumbani. Wazee wa pale waliniambia neno moja likanikaa: mtu ananunua baiskeli aliyoililia alipokuwa na miaka kumi. Zile nzito zenye tairi nene na tangi la bandia kama pikipiki, mfano Schwinn Black Phantom iliyotoka 1949, waliozililia leo wana miaka themanini na zaidi. Wanauza, hawanunui. Krate zinatafutwa na watu wa miaka sitini na kitu. Vijana wa miaka hamsini wanakimbilia BMX, zile baiskeli ndogo za kurukia, za miaka ya 1980, hilo tangi hata bure hawalitaki. Kwa hiyo televisheni inapandisha bei mdomoni wakati umri unaishusha mfukoni.

Halafu kuna kitu kinaniuma kama mtoto wa fundi. Mtu akishajua tangi peke yake lina bei, taa peke yake ina bei, keria ina bei, anaona nini? Anaona nyama ya buchani. Baiskeli iliyokaa nzima miaka sitini inachinjwa kwa siku moja, kila kiungo kinapigwa picha na kutangazwa mtandaoni kivyake, kwa sababu vikijumlishwa vinazidi bei ya nzima. Fremu inabaki uchi nyuma ya nyumba. Nimeiona kwa macho yangu, na aliyeichinja alikuwa shabiki mkubwa wa kipindi.

Upande mwingine, kutu imepata heshima. Zamani huku mtu akipata baiskeli ya kale alikuwa anaisugua, anaipaka rangi, anaibandika krome mpya inang'aa kama sufuria ya harusi. Siku hizi ukipaka rangi umeharibu. Wanataka ile rangi ya kiwandani hata kama imebaki robo. Hilo lilikuwepo kwa wakusanyaji kabla ya kamera, ila kamera imelipeleka kila nyumba. Baba nilipomwambia kwamba huku kutu inaongeza bei, alisema Mungu awasaidie.

Na mimi pia niliungua, nisijifanye mjanja. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua Schwinn Varsity kwa dola 150, nikajua nimeula. Usukani wa mbio, gia kumi, nembo ya Chicago mbele. Nikaibeba mpaka ghorofani, na ile kitu ni nzito, kama kilo 17 hivi. Nikaitangaza kwa 500. Kimya. Nikashusha 300. Kimya. Jirani yangu wa kutoka Uvira, Kongo, papa mmoja mwenye watoto saba, akaniita akanionyesha uani kwake: Varsity mbili, wanawe wanazichezea kwenye matope. Alizinunua duka la mitumba, dola 20 kila moja. Schwinn walizitengeneza kwa wingi mno, kila kijana alikuwa nayo, na kitu kilichokuwa kwa kila mtu kitapandaje bei? Akaniambia, "Ndugu, ungeliniuliza mimi kwanza." Mpaka leo akiniona ananiita milionea.

Ngoja nigeuze kamera muone hii ninayoendesha mimi. Schwinn Collegiate, dola 35. Hii hainunuliwi na mkusanyaji hata mmoja, ndiyo maana naipenda. Imenitesa kitu kimoja tu. Tairi imeandikwa inchi 26 kwa 1⅜. Nikaenda dukani nikanunua 26 kwa 1⅜. Haikuingia! Nimevuta, nimetumia vijiko viwili vya mke wangu vikapinda, kesi mpaka leo haijaisha. Kumbe Schwinn walikuwa na kipimo chao. Rimu yao ni milimita 597, na 26 kwa 1⅜ ya Kiingereza ni 590. Milimita saba, na namba ubavuni ni ile ile. Baba nilipomsimulia alicheka mpaka akakata simu.

Haya, tumjibu mzee. Baba, najua unaangalia. Raleigh ni jina kubwa, kiwanda cha Nottingham, Uingereza, na yule korongo kwenye nembo ya mbele huku wanamfahamu. Lakini Raleigh ziliuzwa sana Marekani, zipo. Kama hiyo yako ingekuwa hapa Moline, na tandiko lake la ngozi, na breki zake za fimbo badala ya waya, mtu angetoa dola mia na kitu, akijisikia. Kuisafirisha kutoka Tabora ni zaidi ya hiyo. Na keria uliyoichomelea mwenyewe wangetaka uing'oe.

Jana nilimpigia nikamwambia haya haya. Akanyamaza kidogo. Nikasikia nyundo, alikuwa kazini. Halafu akauliza, "Na huyo mzungu wa mahindi, anayetaka elfu na mia saba, yake ina breki za fimbo?"

Nikamwambia hapana baba, inakanyagwa kinyumenyume.

"Keria?"

Hamna.

"Sasa anaringia nini?"