Mbio Zilizoanzishwa na Wauza Magazeti

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: mbio kubwa za baiskeli barabarani zilikuzwa na wauza magazeti. Usipolishika hilo, hutaelewa kwa nini waendesha baiskeli wa zamani waliteswa namna ile.

Mbio za baiskeli za Paris–Rouen za 1869 mnazijua, sizirudii. Mwaka 1891 gazeti la Le Petit Journal liliandaa mbio za Paris–Brest–Paris, kilomita kama 1,200, Charles Terront akashinda kwa saa 71 na dakika 22. Msomaji anayetaka kujua Terront kafika wapi hununua gazeti leo, kesho na keshokutwa. Biashara yote imo humo. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo L'Auto, alikuwa akizidiwa na gazeti pinzani, Le Vélo, ndipo kijana wake Géo Lefèvre akamletea wazo la mbio za kuizunguka Ufaransa, ndizo Tour de France. Tarehe 1 Julai 1903 watu 60 wakaondoka Montgeron, karibu na Paris. Hatua ya kwanza, hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Waliomaliza mzunguko wote ni 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin, aliyewahi kufagia dohani za watu ili ale. Mwaka uliofuata Le Vélo likafungwa.

Sasa nisikilizeni kuhusu Eugène Christophe, maana yeye ndiye hoja yangu.

Ni Tour de France ya 1913, hatua ya kutoka Bayonne hadi Luchon, katika milima ya Pyrenees. Christophe amekuwa wa pili mwaka uliotangulia na safari hii ushindi anauona. Akishuka mlima Tourmalet, foki ya baiskeli, uma ule unaoshika gurudumu la mbele, inavunjika. Kanuni ya Desgrange inasema kila mtu atengeneze chombo chake mwenyewe, asisaidiwe na yeyote. Basi anaibeba baiskeli begani na kushuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10, wenzake wakimpita, hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Anaonyeshwa kiwanda cha mhunzi. Mhunzi yupo, ujuzi anao, lakini haruhusiwi kushika nyundo. Christophe anatia chuma motoni, anafua, anaunga, saa zinakwenda. Wasimamizi wamesimama pale pale wakimwangalia mikono. Kazi hiyo inataka mikono mitatu: miwili ya kushika chuma na nyundo, mmoja wa kuvuta mivuo. Mtoto mdogo akamvutia mivuo. Christophe akamaliza, akapanda tena milima iliyobaki, akafika Luchon. Akapigwa adhabu ya dakika 10 kwa sababu ya yule mtoto! Baadaye zikapunguzwa hadi 3. Mtu aliyekwisha kupoteza saa kadhaa unamdai dakika 3?

Najua kuna atakayesema sheria ni sheria. Sawa, lakini uliza ilimfaa nani. Desgrange alitaka hadithi ya mtu mmoja akipambana na mlima peke yake, kwa sababu hadithi hiyo ndiyo iliyouza gazeti lake la karatasi za njano. Fundi akimsaidia, hadithi inapungua. Mwingine atasema walilipwa. Walilipwa, ndiyo, na kwa mtoto wa maskini zile faranga zilikuwa nyingi. Ndiyo maana walivumilia! Anayehitaji mkate hawezi kubishana na mwenye jiko.

Na Christophe huyo huyo, mwaka 1919, alikuwa mtu wa kwanza kuvalishwa jezi ya njano ya anayeongoza mbio, rangi ya karatasi ya L'Auto. Foki ikavunjika tena, karibu na Valenciennes, akiongoza. Akaingia tena kiwandani. Hakuwahi kuishinda Tour de France hata mara moja.

Muda unanibana. Giro d'Italia ya 1909, mbio za kuizunguka Italia, nilitaka kuieleza kwa urefu. Jueni tu kwamba gazeti la La Gazzetta dello Sport lilifanya Italia yale yale, na jezi yao ya waridi nayo ni rangi ya gazeti. Udanganyifu wa Tour de France ya 1904, uliomnyang'anya Garin ushindi wake wa pili, tuuache.

Ila gia nitazisema. Gia za kubadilisha kwa kuhamisha mnyororo zilikuwapo, watalii wa kawaida wakizitumia kupandia milima, huku Desgrange akizikataza kwenye mashindano yake. Waliokula mkate kwa miguu yao walishuka milimani, wakageuza gurudumu la nyuma, lenye gia tofauti kila upande, kwa mikono yenye baridi, wakaendelea. Ugonjwa ulimwondoa Desgrange kwenye uongozi wa Tour 1936. Gia ziliruhusiwa 1937.